Gusa Kabla ya Kufunga: Mwongozo Kamili wa Kuweka Kanula Mkononi Bila Kuingia Kwenye Ateri

Nilikuwa bado mwanafunzi, zamu ya usiku, na mzee mmoja alikuwa anasubiri kufanyiwa upasuaji wa ngiri asubuhi. Nikamfunga mkono kwa glovu badala ya mpira wa kufungia, nikaikaza hasa, nikapapasa upande wa dole gumba juu kidogo ya kifundo cha mkono, nikakuta mshipa mnene umejaa vizuri. Nikachoma. Damu ikaingia kwenye kanula, ule mrija wa plastiki unaobaki mshipani, kwa uvivu. Nilipofungua glovu ikaja kwa nguvu zaidi, nami nikajisifu moyoni. Kisha nikaunganisha dripu. Maji hayakushuka. Damu ndiyo iliyopanda mpirani, ikisogea kidogo, ikitulia, ikisogea tena. Sista wa zamu akaja, akafunga kibanio cha dripu, akaniuliza: "Ulipapasa kabla ya kufunga glovu au baada ya kufunga?"

Nilipapasa baada. Glovu ilikuwa imebana kiasi cha kufifisha mapigo, kwa hiyo ateri, mshipa unaopeleka damu vidoleni, ilijifanya vena, mshipa unaoirudisha moyoni, mbele ya vidole vyangu. Na ile dalili niliyoifurahia, damu kuongezeka nguvu baada ya kufungua, ilikuwa ndiyo kengele yenyewe: ukifungua kifungo, mtiririko wa vena hupungua, wa ateri huongezeka. Mzee hakudhurika. Tulikuwa tumemtundikia maji ya chumvi tu, na hata hayo hayakuingia.

Nimeandika haya kwa wauguzi, matabibu na wanafunzi ambao tayari wamefundishwa kuweka kanula, au branula kama wengi tunavyoiita. Asiyefundishwa asijifunzie hapa. Na kabla ya hatua yoyote, lazima jambo moja lieleweke, maana mwongozo wote umesimama juu yake: tundu la sindano kwenye ateri si jambo la kutisha sana. Wataalamu wa usingizi huweka kanula kwenye ateri ya kifundo kwa makusudi kila siku ili kupima presha wakati wa upasuaji mkubwa, na mikono hupona. Kinachoua vidole ni dawa inayofuata. Kwa hiyo tuna milango miwili ya kulinda. Wa kwanza ni kabla ya kuchoma. Wa pili uko kati ya kuchoma na kusukuma dawa, na huo ndio tunaoupita mbio.

Kwa nini dawa ileile iponye kwenye vena na iharibu kwenye ateri

Damu ya vena inarudi moyoni. Dawa ikiingia humo inasafiri kwenye mishipa inayozidi kupanuka, inachanganyika na damu nyingi, na ikifika kwenye viungo imeshakuwa hafifu. Ateri inaelekea upande wa pili. Dawa inakwenda vidoleni ikiwa bado kali kama ilivyotoka kwenye bomba la sindano, na njia inazidi kuwa nyembamba mpaka inafikia mishipa ambayo chembe za damu hupita kwa kupanga foleni. Humo ndimo baadhi ya dawa huganda na kuwa chembechembe ngumu, nyingine huunguza utando wa ndani wa mshipa, nyingine huufanya mshipa ujikaze. Damu inaganda, kidole kinakosa hewa, nyama inakufa.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa Diana Levine, mwanamuziki wa jimbo la Vermont, Marekani. Mwaka 2000 alikwenda kutibiwa kipandauso na kichefuchefu, akapewa promethazini, dawa ambayo wengi wetu tunaijua kama Phenergan, kwa kusukumwa moja kwa moja kwenye mkono. Dawa ilifika kwenye ateri. Mkono ukaoza, ukakatwa kiganja kwanza, kisha kigasha. Mpiga gitaa, mkono wa kulia. Kesi yake dhidi ya kampuni ya Wyeth ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo Machi 2009 ilimpa ushindi kwa kura 6 dhidi ya 3. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaagiza onyo la kisanduku, lile zito kuliko yote, liwekwe kwenye karatasi ya dawa hiyo.

Ninaitaja kesi hii kwa sababu Phenergan haimo kwenye kabati la dawa za kutisha. Imo kwenye trei ya kawaida, pembeni ya pamba.

Ramani ya mkono

Unaweza kuweka kanula maisha yako yote bila kukariri majina ya mishipa, lakini huwezi bila kujua sehemu nne zenye ateri karibu na ngozi.

Ya kwanza ni ndani ya kiwiko, upande wa kifuani. Hapo kano ya msuli wa mkono inashikika kama kamba, na upande wake wa ndani inapita ateri kuu ya mkono, ile tunayoisikiliza tukipima presha. Vena kubwa inayotamanisha kila mtu inapita juu yake, na kinachozitenganisha ni utando mmoja mgumu wa msuli. Zamani, wapasuaji wa Ulaya waliokuwa wakiwatoa wagonjwa damu mahali hapo waliuita utando huo neema ya Mungu. Jina hilo linatosha kukuambia ilikuwa mara ngapi wanaponea chupuchupu.

Ya pili ni sehemu ya mbele ya kifundo, upande wa dole gumba, pale unapohesabia mapigo. Vena ndefu ya upande huo inapita jirani kabisa, na mshipa wa fahamu wa ngozi ya dole gumba uko papo hapo. Ukichoma juu kidogo ya kifundo upande huo unacheza na vitu vitatu kwa wakati mmoja.

Ya tatu ni kishimo kinachojitokeza chini ya dole gumba ukilinyoosha kwa nguvu. Ateri ya kifundo inazunguka na kupita sakafuni mwa kishimo hicho, kisha inazama kati ya mifupa ya dole gumba na kidole cha shahada. Ukipapasa nyama iliyo kati ya vidole hivyo viwili, karibu na mzizi wake, unaweza kuyasikia mapigo. Watu wengi hushangaa wakionyeshwa.

Ya nne ni upande wa kidole kidogo, mbele ya kifundo, ambako inapita ateri ya ulna. Hapo hatuchomi mara nyingi, lakini ateri hiyo ina tabia moja mbaya: kwa watu wachache haipiti ndani ya misuli kama ilivyozoeleka, bali inatoka juu mapema na kushuka chini ya ngozi kabisa, kuanzia karibu na kiwiko hadi kwenye kiganja. Ateri ya upande wa dole gumba nayo huwa na wachache wanaoizalia juu, ikapita juu ya kano badala ya chini yake. Ni maumbile tu, mtu hana ugonjwa wowote, hajui, na hakuna faili litakalokuambia. Kidole chako pekee ndicho kitakachogundua.

Mgongo wa kiganja ndio mahali salama zaidi. Ateri za hapo ni ndogo na zimelala ndani, vena ziko juu na zinaonekana. Ukiacha mzizi wa dole gumba, anzia hapo. Kigasha kwa upande wa nje ni chaguo zuri vilevile, na kanula hukaa hapo siku nyingi bila kusumbuliwa na kiwiko kinachokunjwa. Ndani ya kiwiko pawe pa dharura, au pa kuchukulia damu.

Mgonjwa wa kusafishwa figo ana habari yake. Akiwa na mkono uliounganishwa ateri na vena kwa upasuaji, vena zake zitakuwa nene na zinatetemeka ukiziwekea kidole. Zitakuvutia. Mkono huo hauchomwi kanula, haupimwi presha, haufungwi chochote.

Hatua ya kwanza: keti, uliza, angalia

Nikisema keti ninamaanisha kukaa. Kanula nyingi mbaya huwekwa na mtu aliyeinama, taa iko nyuma yake, na mkono wa mgonjwa unaning'inia kitandani. Vuta kiti, washa taa, mkono uwe juu ya mto. Muulize: "Mama, mkono gani huwa wanapata mshipa kwa urahisi? Umewahi kuvunjika au kufanyiwa upasuaji mkono huu?" Mwambie na neno ambalo utalihitaji baadaye: "Nikiweka dawa, ukisikia vidole vinaungua au kuuma sana, niambie hapohapo, usivumilie." Wagonjwa wetu wamelelewa kuvumilia. Bibi mmoja anaweza kuacha mkono wake uungue kwa adabu tu, ili asikusumbue.

Hatua ya pili: papasa kabla ya kufunga

Hapa ndipo kiini kilipo. Kabla mkono haujafungwa chochote, weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kila mshipa unaoufikiria. Usitumie dole gumba, lina mapigo yake. Usibonyeze, weka tu, uhesabu polepole mpaka kumi. Mapigo hafifu hupotea chini ya kidole kizito.

Fuata mshipa juu na chini kwa sentimita chache. Ateri iliyopanda juu huwa imejipinda kidogo na hujirudia ukiibonyeza. Vena ikibonyezwa inalala, ikiachiwa inajaa kutokea upande wa vidole. Ukisikia mpwito hata mdogo, hama. Mshipa unaoonekana kwa macho nao unaweza kuwa ateri, kwa hiyo kuona hakutoshi.

Ukishaujua mkono, ndipo ufunge. Mpira wa kufungia ukiwepo, utumie. Glovu ikiwa ndiyo iliyopo, ifunge kwa fundo la kuvuta ili ifunguke kwa mkono mmoja. Funga kiasi cha vidole vinne juu ya mahali utakapochoma. Kisha papasa mapigo ya kifundo tena: lazima uendelee kuyasikia. Yakipotea umekaza kupita kiasi, umezuia damu isiingie mkononi, kwa hiyo vena hazitajaa na ateri umeifunga mdomo. Legeza. Jambo hili linapingana na hisia zetu, maana mshipa ukikosekana mkono unataka kukaza zaidi. Badala ya kukaza, teremsha mkono chini ya usawa wa kitanda kwa dakika moja, mwambie afungue na kufumba kiganja, uweke kitambaa chenye uvuguvugu. Baridi ya chumba cha upasuaji imeficha vena nyingi kuliko ukosefu wa maji.

Kisha papasa mara ya mwisho mahali ulipochagua, ndipo upake spiriti na uiache ikauke yenyewe. Baada ya hapo usiguse tena.

Hatua ya tatu: choma kwa mlalo

Chagua kanula ndogo kadiri kazi inavyoruhusu. Kwa maji na dawa za kawaida za mtu mzima, namba 20 ya pinki au 22 ya bluu inatosha. Namba 18 ya kijani iache kwa upasuaji na damu, na nene kuliko hiyo kwa mgonjwa anayevuja damu. Sindano nene inayotafuta mshipa kwa kubahatisha inakwenda mbali kuliko unavyodhani.

Vuta ngozi kwa dole gumba la mkono mwingine. Ingia kwa mlalo wa nyuzi 10 hadi 30, ukilala zaidi kwenye mgongo wa kiganja ambako vena ziko juujuu. Damu ikionekana kwenye kichumba cha kanula, lala zaidi, sogeza milimita moja au mbili, kisha telezesha plastiki huku chuma kikibaki. Ateri kwa kawaida iko chini ya vena. Anayeingia kwa wima hupita ukuta wa juu, wa chini, na kukutana na kitu kingine.

Ukikosa, usichimbe. Kuvuta nyuma kidogo na kubadili mwelekeo mara moja kunakubalika. Kufagia kushoto na kulia chini ya ngozi ni kutafuta balaa, hasa kiwikoni. Ukikosa mara mbili, mwite mwenzako. Kama wodi ina mashine ya altrasaundi na mtu anayeijua, ndio wakati wake: vena hubonyea ukiikandamiza kwa kipimio, ateri hubaki mviringo na kupwita.

Hatua ya nne: mtihani kabla ya dawa

Fungua kifungo kwanza. Ukikisahau, presha ya vena itakuwa juu na kila mtihani utakudanganya. Mashine ya presha nayo isiwe kwenye mkono huohuo.

Sasa angalia damu. Ateri hutoa damu nyekundu ya kung'aa inayoruka kwa mapigo, na damu hiyo inaweza kusukuma nje hata kizibo. Ukiiona, umeshajua. Lakini usigeuze kanuni hiyo ukasema damu nyeusi ni ya vena. Mgonjwa mwenye presha ya chini, au asiyepata hewa ya kutosha, ateri yake hutoa damu nyeusi isiyoruka. Aliyewekewa oksijeni nyingi, vena yake inaweza kutoa damu nyangavu. Rangi inashtaki, haisafishi.

Kinachoaminika zaidi ni maji yenyewe. Tundika mfuko wa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kiasi cha mita moja juu ya mkono, fungua kibanio chote, tazama chemba ya matone. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuijua. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6, kwa hiyo maji ya mita moja yanasukuma kwa nguvu ya takriban milimita 74 za zebaki. Mtu mwenye presha ya 120 kwa 80 ana wastani wa karibu 93 kwenye ateri. Maji hayana ubavu: yatasimama, au damu itapanda mpirani kwa kupwita. Kwenye vena, ambako presha ni ndogo, yatashuka mfululizo.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha mtihani unafeli wapi. Mgonjwa aliyezimia kwa kupoteza damu anaweza kuwa na wastani wa 50. Maji ya mita moja yataingia kwenye ateri yake bila kipingamizi chochote. Kwake teremsha mfuko mpaka kiasi cha sentimita 40 juu ya mkono uone kama bado unatiririka vizuri. Na kwa mgonjwa yeyote, usifanye mtihani huu kwa mfuko unaokamuliwa au kwa mashine ya kusukuma dripu. Mashine haijali inasukuma kwenye nini. Itashinda presha ya ateri kimyakimya usiku kucha huku taa yake ya kijani ikiwaka.

Mbinu nyingine ninayoipenda haihitaji kifaa. Dripu ikiwa inatiririka, bonyeza vena kwa kidole sentimita kadhaa juu ya ncha ya kanula, upande wa bega. Ikiwa uko ndani ya vena hiyo, matone yatapungua au kusimama, ukiachia yanaendelea. Yakiendelea kudondoka kana kwamba hukugusa kitu, uko mahali pengine: nje ya mshipa, kwenye vena nyingine, au kwenye ateri. Tafuta ni wapi kabla ya kwenda mbele.

Bado una shaka? Unganisha mpira mfupi wa dripu uliojaa maji, uachie mdomo wazi, uunyanyue wima. Vena itausukuma mstari wa damu sentimita kumi, pengine ishirini, kisha utatulia. Mwenye moyo uliochoka utapanda zaidi. Wa ateri hautulii. Hospitali yenye kipimo cha gesi za damu inaweza kumaliza ubishi kwa tone chache, na chumba cha upasuaji kinaweza kuunganisha kipima presha na kuona mawimbi.

Shaka ikibaki baada ya haya yote, toa na uchome pengine. Kanula ni rahisi kuliko kidole.

Kanula uliyoirithi

Hatari ambayo hatuizungumzii ni kanula aliyoiweka mtu mwingine. Mgonjwa ameletwa na gari la wagonjwa usiku, ana kanula kiwikoni, imefungwa plasta juu mpaka chini. Imewekwa na nani, kwa haraka gani, hujui. Tunaiamini kwa sababu ipo. Fanya mtihani wa maji upya kama vile umeiweka wewe. Bandua plasta uone tundu lilipo.

Na kwenye wodi ya wagonjwa mahututi, ambako ateri imewekewa kanula kwa makusudi, iandikwe kwa herufi kubwa na kwa rangi nyekundu, mpira wake uwe mwekundu au wenye mstari mwekundu, na usiwe na mdomo wa kuchomea dawa uliobaki wazi. Anayekwenda kusukuma dawa afuate mpira kwa kidole kutoka bombani hadi kwenye ngozi. Kila mara. Chini ya shuka mipira yote inafanana.

Hatua ya tano: kusukuma dawa

Zipo dawa ambazo zikienda kwenye ateri hazisamehi. Thiopentoni, dawa ya usingizi yenye ukali wa magadi, huganda na kuwa fuwele ikikutana na damu. Ndiyo maana hutumika ya asilimia 2.5 badala ya 5. Fenitoini, dawa ya kifafa, ni kali kuliko hiyo. Promethazini na diazepamu zina historia ya vidole vilivyokatwa. Dekstrozi ya asilimia 50, kalsiamu, potasiamu, na dawa za kupandisha presha kama adrenalini na noradrenalini zote ziko kwenye orodha yangu ya kutembea nazo kwa tahadhari.

Promethazini ukiweza mpe kwenye msuli mkubwa kwa kina. Ikibidi iende kwenye mshipa, ichanganye na maji ya chumvi, iingie polepole kwa dripu, isisukumwe kwa bomba. Isiende kabisa kwenye mgongo wa kiganja au kifundo; tafuta vena kubwa zaidi. Najua nimesema mgongo wa kiganja ni salama dhidi ya ateri. Ni kweli, lakini dawa hii inaunguza hata ikivuja kando ya vena ndogo.

Kwa dawa yoyote ya orodha hiyo, anza na mililita 5 hadi 10 za maji ya chumvi. Uso wa mgonjwa utazame, usitazame bomba. Kisha sukuma kiasi kidogo sana cha dawa, usimame, uulize. Vena huweza kuwaka kidogo, na mgonjwa atakuonyesha maumivu yanayopanda kuelekea begani. Maumivu ya ateri yanashuka. "Sista, vidole vinawaka moto!" ni maneno ya kukufanya uachie bomba kabla hujaelewa kwa nini. Kwa aliyelala usingizi wa dawa hakuna maneno, kwa hiyo mkono wake usifunikwe wakati wa kuanza. Angalia kucha na kiganja. Kwa ngozi nyeusi kupauka hakuonekani mgongoni mwa mkono, kunaonekana chini ya kucha, kiganjani na kwenye ncha za vidole. Linganisha na mkono wa pili.

Imeshaingia. Sasa?

Kuna hali mbili na haziendi sawa.

Kama hakuna dawa iliyopita, ila damu au maji ya chumvi tu, toa kanula na kandamiza tundu kwa vidole kwa dakika 5 hadi 10 ukitazama saa, bila kuchungulia tundu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anahitaji muda mrefu zaidi. Kisha pima mapigo, joto la vidole, na kasi ya damu kurudi ukibonyeza kucha: isizidi sekunde mbili au tatu. Rudi kumwangalia baadaye, na umwambie akirudi nyumbani akaona uvimbe unaopwita, aje.

Kama dawa imeingia, acha kusukuma na usitoe kanula. Silika yote itakuambia uing'oe. Iache. Hiyo ndiyo njia pekee ya kufikisha tiba palepale palipoharibiwa. Ondoa bomba la dawa, ingiza maji ya chumvi taratibu, kidogokidogo, ili njia isizibe. Bandika maandishi: ATERI, USICHOME. Mwite daktari na mtaalamu wa usingizi, mmoja wao akiwa tayari njiani na si "akimaliza". Nyanyua mkono juu ya mto, mpe dawa ya maumivu kupitia mkono mwingine. Usiweke barafu wala maji ya moto, na usiufunge bandeji.

Mengine ni ya daktari na yanategemea kilichopo: heparini kuzuia kuganda, lidokeini au papaverini kupitia kanula ileile kuulegeza mshipa, ganzi ya mishipa ya fahamu ya bega ili mishipa ya damu ya mkono ipanuke, na rufaa mapema kwa daktari wa upasuaji wa mishipa. Mapema ni neno lenye uzito hapa. Vidole vinavyooza huanza kwa kuuma tu, kisha ganzi, kisha mabaka ya bluu, na weusi unaokuja siku kadhaa baadaye hauna dawa. Mkono ukivimba na kuwa mgumu, na maumivu yakizidi ukinyoosha vidole, huenda misuli imebanwa ndani na inahitaji kupasuliwa siku hiyohiyo.

Mwambie mgonjwa na ndugu zake kilichotokea, kwa maneno ya kawaida, wewe mwenyewe. Kisha andika kwenye faili ukiwa bado unakumbuka. Usiandike "mgonjwa alipata maumivu". Andika hivi: "Saa 3:40 usiku. Kanula namba 20, mbele ya kifundo cha kulia, upande wa dole gumba. Promethazini, mililita 0.5 iliingia kabla ya mgonjwa kulalamika vidole kuungua. Dawa ilisimamishwa. Damu ilipanda mpirani kwa mapigo. Kanula imeachwa, imeandikwa. Vidole vya joto, mapigo yapo, kucha sekunde 3. Daktari wa zamu ameitwa saa 3:42, amefika saa 3:50. Ukaguzi kila dakika 15."